Kupanga

Bajeti ilisomwa Alhamisi jioni.
Nilikuwa zamu, wodi ya wazazi,
redio ya mlinzi ikiingia dirishani vipande vipande:
mafuta… saruji… kodi ya pango…
ndipo kichanga cha kitanda cha sita kikalia,
kilio chake cha kwanza duniani,
na asilimia ikanipita.

Tangu siku hiyo kila mtu hapa Pasua ana asilimia yake.
Fundi Lyatuu anasema ni ileile ya zamani.
Mwenye duka la vifaa anasema imepanda mara mbili.
Mzee Ndesario, mwenye ghorofa kule Njoro,
hasemi kitu. Ananunua karatasi za mikataba
na kuziandika tarehe za mwaka jana.
"Bado ni mapendekezo tu," wananituliza
wale wasio na hata banda la kuku.

Mimi nina vyumba vitano na nusu.
Hiyo nusu haina bati; mvua ndiyo mpangaji wake,
na haijawahi kunilipa.
Chumba cha kwanza ni posho za kampeni ya surua,
Uru nzima kwa miguu, boksi la chanjo begani.
Cha pili ni kahawa ya marehemu mume wangu,
msimu mmoja tu ambao Kibosho walicheka.
Cha tatu, mkopo wa kikundi; riba yake bado naiota.
Cha nne na cha tano ni zamu za usiku,
tofali kwa tofali, usingizi kwa usingizi.
Ukigonga ukuta wa cha tano
utasikia mtu akipiga miayo.

Nimebakiza miezi kumi na minne.
Kikokotoo nimekikokotoa
hadi penseli imekuwa fupi kama jino.
Kiinua mgongo hakitauinua huu wangu:
kitanunua bati la ile nusu, na mlango,
labda na godoro la kuulaza.
Mkate wa kila siku niliwaachia wapangaji.

Lugha yetu ilifanya ubahili hapa.
Ninachopokea tarehe tano, kodi.
Ninachokwenda kulipa mjini, kodi.
Neno moja linabisha hodi mlango wa mbele
na kuaga mlango wa uani
hata chai halijanywa.
Ya jengo nimeizoea, huja ndani ya umeme
kama changarawe ndani ya mchele.
Hii nyingine ndiyo sijui nitaitafunia jino gani.

Nikiongeza elfu tano kila chumba, nafidia.
Elfu tano.
Niliiandika, nikaifuta,
karatasi ikabaki na kovu lake.

Maana chumba cha tatu yupo Naelijwa,
anashona sare za shule.
Mwanawe nilimpokea kwa mikono hii, miguu ikitangulia.
Cherehani yake hunibembeleza hadi saa tano.
Juzi ilinyamaza saa mbili,
nami nikakesha nikiusikiliza ukimya.

Jumamosi akaja, uzi mwekundu umemganda kwenye kitenge.
"Shikamoo mama. Nimesikia mambo ya redioni.
Nataka nipange mapema. Itakuwa ngapi?"

Ningeweza kusema serikali.
Ningeweza kusema saruji, maisha, dola.
Nikasema, "Sijui, mwanangu. Nilikuwa nazalisha."

Akacheka. Nikacheka pia, kwa kuchelewa kidogo.
Tukakaa kwenye kizingiti, baridi ya Juni ikitupanda miguuni,
daftari katikati yetu, penseli ile ile,
yeye akipanga mwezi, mimi nikipanga uzee:
wapangaji wawili,
na mwenye nyumba hatujui ni nani.

Kisha mita ya umeme ikaanza kulia,
ti, ti, ti,
na kila mmoja wetu akatazama ukurasa wake
akingoja mwenzake aseme,
"Acha, leo nitanunua mimi."